Ulimi Uliorudi kwa Kiswahili

Baba yangu aliwahi kununua punda asiyejua lugha yetu. Ni habari ya zamani sana, ya kisiwa cha Rodo nilikozaliwa. Punda alitoka kwa mkulima Mgiriki, na sisi Wayahudi wa kisiwa kile nyumbani tulisema Kihispania cha kale, kile ambacho mababu zetu walifukuzwa nacho kutoka Hispania. Baba akimwambia punda twende, punda anatazama ukuta. Akimbembeleza, ukuta. Akimtukana, ukuta vilevile. Mwisho baba akarudi kwa yule Mgiriki, akafundishwa maneno matatu: nenda, simama, na moja la kutishia. Maisha yake yote hakujua Kigiriki kingine. Akikutana na Mgiriki njiani na anataka kumpa heshima, anamwambia, "Simama!" Mama yangu alikuwa anajifunika uso kwa kitambaa.

Wote waliobaki kisiwani, baba, mama na wadogo zangu, walichukuliwa na Wajerumani wakati wa vita kubwa. Hakurudi hata mmoja. Nasema sasa hivi ili nisiulizwe baadaye.

Namtaja punda kwa sababu mimi nilikuwa nimeshaondoka. Nilipelekwa Kongo nikiwa msichana, kuolewa na mtu niliyemjua kwa picha. Mume wangu alikuwa na duka la vitambaa, na yeye akanipa Kiswahili cha punda. Leta. Weka. Funga. Fagia. Hapana. Bei ya mwisho. Shule niliacha mapema, kwa hiyo sikuona ubaya. Nilikitumia hivyo karibu miaka hamsini, Kongo kwanza, halafu Kigali tulikokimbilia Kongo ilipochafuka. Mtu hashukuru wala haombi samahani kwa lugha ya namna hiyo.

Basi hiyo ndiyo njia ya kufika kwenye ugonjwa wangu. Ndefu kidogo, lakini mimi kwa mguu huu njia zangu zote ni ndefu.

Mwaka ule vita vilipoanza huko kaskazini mwa Rwanda nilikuwa mjane. Mwanangu Davidi alikuwa Israeli, ana mke, ana watoto wasionijua. Mimi nilikaa Kigali nyuma ya duka, nyumba kubwa ya vyumba vingi vitupu ambavyo mume wangu alivijenga akidhani tutazaa wengi. Asubuhi kahawa, halafu dukani. Ijumaa jioni nawasha mishumaa miwili, nasema baraka, nakula samaki wangu peke yangu, nasikiliza mbwa wa jirani. Jumapili Davidi anapiga simu. "Mama, njoo huku." "Mwaka ujao," namwambia. Wayahudi tumesema hivyo, mwaka ujao Yerusalemu, miaka elfu mbili, sikuona haraka.

Kwenye baraza la duka alikaa fundi cherehani, Mzee Gaspari. Mnyarwanda, umri wangu au pungufu kidogo, mwembamba, sindano daima iko kwenye kola. Alitoka Rebero kwa miguu kila siku, na mkewe Verediana alimletea chakula mchana. Tulikuwa tumekaa hivyo miaka mingi, mimi ndani, yeye nje, dirisha katikati. Nilimjua mgongo kuliko uso.

Mwaka tisini na moja, asubuhi, nakunja kitenge. Mkono wa kulia ukaacha kukunja. Nikautazama kama mkono wa mtu mwingine ambaye nimemlipa na hafanyi kazi. Nikataka kuuambia leta, weka. Kinywani ikatoka sauti ya maji kwenye bomba. Mate yakatiririka mpaka kifuani. Halafu nikasikia joto miguuni, nikajua nimejikojolea, na nilichofikiri, Mungu anisamehe, ni kwamba kitenge kile ni cha bei.

Gaspari alisikia mkasi ulivyoanguka. Akageuka, kwa mara ya kwanza nikauona uso wake wote.

"Yesu! Mama Davidi! Mdomo umekwenda upande!"

Alinibeba. Mtu mwembamba vile. Akanipandisha kwenye gari la muuza saruji, kichwa changu kwenye mapaja yake, sindano ya kola ikanichoma sikio njia nzima. Nilifurahi kwamba inauma. Upande ule wa pili haukuuma kabisa.

Hospitali walisema kiharusi. Presha ilikuwa juu kama moshi, na mimi dawa za presha niliacha kwa sababu nilijisikia vizuri. Walinitia mpira wa mkojo. Walinigeuza kama mkate. Haja kubwa nilikaa siku nyingi sipati, halafu nikaipata kitandani mbele ya mwanafunzi wa udaktari, kijana mzuri, akatazama dirishani kwa adabu. Chakula kilitoka kwa pembe ya mdomo. Nililia bila huzuni na nikacheka bila furaha. Daktari alisema ni ugonjwa.

Daktari alikuwa Mbelgiji. Aliniuliza kwa Kifaransa, jina lako nani? Kifaransa hakikuwepo. Nikakitafuta kile Kihispania cha mama yangu, kimefungwa kama duka siku ya sikukuu. Nikasukuma, nikasukuma, ikatoka, "Lashera."

Daktari akatikisa kichwa, akaandika.

Gaspari alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. "Sawasawa kabisa, Dokta," akasema. "Ndilo jina lake. Lashera."

Mimi ni Rashela. Lakini Kigali yote inachanganya r na l, mgonjwa na mzima. Daktari akamtazama Gaspari, akanitazama mimi, hakujua amlaze nani.

Baada ya wiki kadhaa nilirudishwa nyumbani. Verediana ndiye aliyeniosha, asubuhi na jioni, chini ya matiti na katikati ya mapaja, bila kukunja uso. "Komera, mukecuru," alikuwa anasema. Jipe nguvu, bibi kizee. Nilitaka kumwambia asante. Sikulipata neno. Nililipata "funga". Nikamwambia, "Funga, funga," machozi yananitoka, na yeye akafunga dirisha.

Ndipo nikajua kilichobaki. Lugha zote zimekwenda, na kilichobaki ni kile Kiswahili cha punda. Mtu amelala hawezi kujigeuza, na kinywani ana amri tupu.

Daktari alikuwa ameagiza niseme kila siku, chochote, hata upuuzi. Kwa upuuzi Gaspari alikuwa tayari. Akaingiza cherehani yake chumbani kwangu, akashonea pale, huku ananifundisha.

"Sema uzi."

"Uzi."

"Sema naomba maji."

"Leta maji."

"Hapana, Mama Davidi. Maji iko, lakini leo inasikia kuombwa tu."

Anaendelea kushona. Mimi na kiu yangu. Mwisho nikasema, "Naomba," na maji yakaja. Alifurahi kuliko mimi.

Kilichonishinda ni r na l. Ulimi ulilala upande mmoja, ukazigonga zote mahali pamoja. Kula na kura, kulia na kuria. Nilikasirika mpaka nikatupa kikombe. Gaspari akaokota vipande.

"Unalilia nini? Hapa Kigali hiyo haiko ugonjwa. Hiyo iko kitambulisho! Sasa umekuwa mwenyeji."

Nilicheka, na mara ile nilicheka kwa sababu nimefurahi.

Alinisimulia habari za kwake pia. Mwanawe mkubwa alipenda msichana wa Kabuga, na wazazi wa msichana wanataka ng'ombe. "Ng'ombe wangu ni huyu," anapigapiga cherehani. "Nikimpeleka kwa wakwe atalia trrrr, watakimbia." Tulicheka sana kwa ng'ombe huyo wa chuma. Kila nikimwona kimya, namwuliza, "Na ng'ombe anaendeleaje?"

Jumapili simu ililia. Davidi akasema kwa lugha ya nyumbani, Mama? Nilimsikia, nikamwelewa, kila neno. Nikajibu, "Mwanangu, umekula?" Kwa Kiswahili. Kingine hakikutoka. Davidi aliondoka Kongo mtoto mdogo kwenda shule ya Kifaransa ng'ambo, Kiswahili kilimtoka zamani. Akaanza kulia, mwanamume mwenye mvi.

Gaspari akauchukua mkono wa simu. Alikuwa na Kifaransa kidogo cha misheni. "Mama anauliza kama umekula," akamwambia. Akasikiliza. Akanigeukia: "Anasema amekula." Tukaendelea hivyo Jumapili baada ya Jumapili, mama na mwana, katikati fundi nguo. Siku moja namsikia anamwambia Davidi avae sweta, kwamba Mama amesisitiza. Mimi sikusema sweta. Lakini ningesema.

Kupona hakukuja kama bwana harusi na ngoma. Kidole, halafu vidole. Niliketi, nikaanguka, niliketi. Nilitembea kwa kiti nikikisukuma mbele, nikafika dukani, nikakuta panya wamekula kitambaa cha hariri, nikamshukuru Mungu kwamba nimefika kuwaona panya. Ijumaa moja, mwaka umepita na zaidi, niliwasha mishumaa kwa mkono wa kushoto, nikafungua mdomo tu kwa mazoea, na baraka ikatoka yote, mwanzo mpaka mwisho, na nyuma yake kikaja Kihispania cha mama yangu kama mbuzi wanaofuata mbuzi mmoja. Nilimpigia Davidi mwenyewe. Gaspari aliketi karibu na simu kama kawaida, kofia magotini. Alipoona hahitajiki, akatoka nje polepole.

Hata r na l zilirudi. Nikawa mtu pekee mtaani anayezitenganisha. Gaspari alinitania kwamba sasa ni mgonjwa kweli.

Nakushukuru wewe Mungu uliyenirudishia ulimi, na mikono ya Verediana iliyonishika kabla yako au pamoja nawe, sijui mnavyopanga kazi. Na wewe unayesoma, kama umepigwa kama mimi: pima presha yako na usiache dawa kwa sababu unajisikia vizuri, unajisikia vizuri kwa sababu ya dawa. Ukiona mdomo umekwenda upande, usipake mafuta, usilale kwanza, nenda hospitali. Na useme. Sema lugha yoyote iliyobaki, hata kama ni ya punda. Atakayekusikiliza ndiye dawa.

Siku hizi niko Israeli, mji wa pwani, ghorofa ya pili. Jirani wa kulia ni Mrusi, wa kushoto ametoka Moroko, tunasemezana kwa vidole. Asubuhi nateremka ngazi ishirini nikishika ukuta, nanunua mkate na matango, napanda. Mchana nakaa roshani nikitazama nguo za watu kwenye kamba, nakagua mishono. Mishono mibaya mingi. Davidi huja Ijumaa na samaki, mwana mwema, anatazama saa. Kiswahili ndicho kilichorudi kwanza, na hapa sina mtu wa kusema naye. Nasema na sufuria. Naiambia, naomba uchemke. Ndiyo maana naandika kwa Kiswahili, labda yupo atakayejibu.

Bado neno moja.

Mwanzoni mwa mwaka tisini na nne watu Kigali walikuwa wanasema kwa sauti ndogo. Vitambulisho viliulizwa njiani, na cha Gaspari kilisema Mtutsi. Gaspari alikuja kazini akichelewa, anapita njia za nyuma, na mimi nilimgombeza kwa kuchelewa. Siku chache kabla ya Pasaka yetu alifika asubuhi na hakufungua cherehani. Aliipaka mafuta, akaifunika kwa shuka, akaiingiza ndani kwenye ukumbi. Akasimama pale anatazama milango ya vyumba.

"Nyumba hii kubwa sana, Mama Davidi."

"Kubwa," nikamwambia, "na kufagia ni kazi."

Akaigeuza kofia mkononi. Halafu akasema, "Leo sishoni. Nakwenda Kabuga. Natafuta mahari ya watoto."

Nikacheka. Mahari! Hatimaye! "Mpeleke ng'ombe wa chuma!" nikamwambia. Na yeye akacheka, kidogo, kwa heshima.

Hakurudi kazini, na wiki zilizofuata mji uliwaka, Wabelgiji wakatukusanya sisi wageni kwa lori, na siku nyingine nilikuwa kwenye ndege, mkoba magotini. Kwenye ndege nilifanya mazoezi ya ulimi, maana hofu inaufanya uwe mzito. Mahari, nikasema. Mahali. Mahari. Mahali. Mwanamke wa kando alidhani naomba.

Mdomo wangu ulikuwa umejifunza kuzitenganisha. Sikio halikujifunza. Na huko Kigali mtu hasemi mahali pa watoto. Anasema mahali ya watoto. Mahari ya watoto. Ni neno lilelile, hata ukilisikiliza mara mia. Mahali nilikuwa napo. Nilikuwa na vyumba vizima, vyenye vitanda, vyenye milango ya mbao nene. Alikuwa amesimama mbele ya milango hiyo, kofia mkononi, anaomba kama alivyonifundisha mimi kuomba. Au alikwenda tu kwa wakwe kuhusu ng'ombe. Nimeandika barua, nimeuliza watu waliouliza watu. Habari za Gaspari, za Verediana, za watoto, hakuna.

Sitaki kumaliza na ndege. Nataka kumaliza akiwa bado anaonekana.

Alivaa kofia. Akachomoa sindano kwenye kola, akaichomeka kwenye pazia langu, akasema, "Isije ikapotea njiani." Akateremka ngazi za baraza. Mvua ilikuwa imekatika na barabara inatoa moshi. Alimsalimu muuza mkaa, akaruka dimbwi, mkono mmoja mfukoni, hana mzigo wowote, kama mtu anayekwenda kununua kiberiti. Nilimpigia kelele kutoka dirishani, "Usichelewe!" Akainua mkono bila kugeuka. Nilimwona mgongo, mgongo ule ninaoujua, mpaka kona.