Pikapu Isiyonguruma

Sijawahi kuchukia kitu chenye magurudumu kama nilivyoichukia ile pikapu, na mtu asije akaniambia eti chuma hakina kosa. Ile ilikuwa na kosa. Ilinyamaza.

Kabla baba hajaiharibu, ilikuwa pikapu ya dizeli, mama akiiendesha kukusanya maziwa. Kila alfajiri ilipanda barabara ya juu ya Kaaga ikikohoa kama mzee wa kanisa anayetaka agundulike amefika. Wanawake waliokuwa wakiota moto jikoni wakisikia kile kikohozi kwenye kona, wanabeba mitungi na kutoka. Hakuna aliyesimama nje kungoja. Kwa baridi yetu, nani angoje? Mama aliyashusha maziwa kwa mwenye hoteli mjini kabla chai ya kwanza haijachemka. Hoteli hiyo ndiyo iliyonilipia karo, kwa hivyo msinione nina kiherehere.

Baba ni mwalimu wa fizikia, na huo ni ugonjwa. Likizo ya Agosti alileta kutoka Nairobi mota ya mashine kuukuu ya kuinulia mizigo, akang'oa injini ya mama, akapanga betri za lori nyuma ya kebini. Alitueleza faida zake mezani kama anafundisha darasa: haitakunywa dizeli, haitatoa moshi, haitasukumwa asubuhi. Yote yalikuwa kweli, nakubali kwa uchungu, maana msukumaji nilikuwa mimi.

Hakutaja kwamba betri zingekula nusu ya nafasi, mitungi kumi na minne ibaki saba. Hakutaja kwamba umeme wetu hupotea kama mbuzi, na ukipotea usiku, betri zinaamka na njaa. Kuhusu mlima, nitasema tu kwamba kuku alitupita, kisha akageuka kuniangalia.

Siku ya kwanza baba alishika usukani mwenyewe, mama kando yake, mimi nyuma. Tulipita boma baada ya boma, kimya kama wezi. Moshi unatoka jikoni, watu hawatoki. Baba akapiga honi. Lakini barabara ile kila gari linapiga honi, hata kwa mbwa, na hakuna anayeleta maziwa kwa sababu ya honi. Tulirudi na mtungi mmoja, wa mama mmoja aliyekuwa ametoka kukata majani ya ng'ombe.

Baba alisema watu watazoea.

"Mwalimu," mama akamwambia, "ng'ombe ameshakamwa. Maziwa hayangoji mtu azoee."

Siku ya pili nilipewa debe nipige. Nilipiga kwa moyo wote. Watu walitoka, tena wengi, lakini na marungu na panga, kwa sababu kwetu debe likilia alfajiri ni mwizi. Baba alieleza hadi mate yakamkauka.

Siku ya tatu nikasema wacha nijitolee. Nilijua kuiga ile injini, shuleni ndiyo ilikuwa kazi yangu maalum. Nikakohoa kuanzia kona ya kwanza, gia zote, mpaka na ile pumzi ya mwisho kabla haijazima. Shosho mmoja, bibi mkongwe, akatoka mbio na mtungi wake, akanikuta nimeshika kifua.

"Kumbe ni wewe?" akasema. "Mwambie baba yako gari lake limekuambukiza."

Lakini alitoa maziwa. Kufikia boma la sita sauti ilikuwa imekwisha, na tulifika mjini na mitungi minne. Mwenye hoteli alimwambia mama, bila hasira, kwamba kesho akikosa mitungi kumi atatafuta mtu mwingine.

Usiku huo umeme ukapotea. Asubuhi mama hakuwa nyumbani. Tuliondoka bila yeye, na katikati ya mlima pikapu ikalala. Baba alikaa na usukani mkononi kama anaendesha.

Ndipo tukasikia kikohozi. Pikapu ya dizeli, ya kukodi, inapanda na mama ndani, na milango ya jikoni inafunguka mmoja baada ya mwingine. Wanawake walipita kando yetu na mitungi, wakitusalimia kwa adabu inayouma.

Mama alisimamisha gari.

"Injini yangu iko wapi?"

Baba akasema aliiuzia mwenye kinu cha unga huko Karurumo, ambaye tayari ameifunga na inasaga.

Mama alifikiri kidogo. "Basi hiyo yako utakwenda nayo shule," akasema. "Ni mteremko." Kisha akaniangalia. "Na wewe panda huku, mitungi haijipakii."

Baba alinitazama. Betri zilikuwa zimekufa na gari lilihitaji msukumaji.

Nilipanda ya dizeli.