Aliacha cherehani, akashika plagi za mumewe

Saa moja asubuhi, injini bado ni ya baridi. Mwanamke wa miaka hamsini na miwili anainua boneti ya gari dogo jeupe lililolala gerejini tangu jana. Anaweka kiganja juu ya injini kama anayempima mtoto homa, kisha anapuliza upepo kufukuza vumbi kuzunguka plagi, vile vidude vinavyotoa cheche za kuwasha mafuta ndani ya injini.

"Vumbi likidondoka ndani ya silinda, umemlisha mgonjwa mchanga," anasema.

Pembeni, kwenye kiti cha plastiki chenye mto, amekaa mumewe. Ndiye mwenye gereji. Kwa miaka ishirini na sita aliinama yeye hapo anapoinama mkewe sasa. Miaka mitatu iliyopita kiharusi kilimchukua mkono wa kulia na ulimi. Kuelewa anaelewa kila kitu. Kusema ndiko kunakomshinda. Akigonga kiti mara moja kwa mkono wa kushoto, ni ndiyo. Mara mbili, hapana.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yao, hatua chache kutoka gerejini.

"Magari nilikuwa nayajua kwa rangi tu," anasema. "Lile jekundu, hili la bluu. Mzee anarudi ananuka petroli, mimi nafua, basi."

Baada ya kiharusi gereji ilifungwa miezi minne. Magari ishirini kwa wiki yakawa sufuri, na sare peke yake hazikutosha dawa na chakula.

Ndipo alipokuja mwalimu mmoja mstaafu, rafiki wa mumewe. Gari lake lilikuwa likitetemeka likisimama, likishtuka likipanda mlima, na asubuhi lilikuwa gumu kuwaka. Mafuta nayo lilikuwa linakunywa kama limefunga mwezi mzima.

"Shemeji, nimekuja kumjulia hali tu," alisema mwalimu. "Gari nitalipeleka kwingine."

Mgonjwa akagonga kiti mara mbili. Akamnyooshea mkewe kidole, kisha akalionyesha sanduku la spana.

"Mimi?" mke akauliza.

Akagonga mara moja.

"Mzee, akili zimekuruka?"

Akagonga mara mbili.

Mwalimu alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akatoa ufunguo.

Kazi ya nusu saa ilimla asubuhi nzima. Alifungua plagi moja moja, asije akachanganya nyaya. Alishika waya kwenye kichwa chake cha mpira, si katikati, maana ukivuta katikati unakatika kwa ndani. Kila plagi iliyotoka aliipeleka kwa mumewe ikakaguliwa kama tiketi. Mchana gari la mwalimu liliondoka bila kutetemeka, na gereji ikafunguliwa tena.

Leo anazisoma mwenyewe. Anaokota moja ya gari jeupe na kuigeuza kwenye mwanga.

"Kahawia hafifu, injini ni nzima. Nyeusi ya masizi, mafuta yanazidi hewa. Ikiwa na oili, kuna kinachovuja. Nyeupe kama chaki, injini inaungua. Hii masikini imechoka tu, ncha imelika. Gari limetembea kilomita elfu hamsini, na plagi hizi za kawaida ukifika elfu thelathini anza kuzikagua. Zile za bei kubwa hufika hata laki moja. Kitabu cha gari ndicho kinachosema, si mimi."

Anapima nafasi kati ya ncha za plagi mpya kwa kibati chembamba cha chuma, kisha anaitia kwa vidole, bila spana. Ikigoma, anaitoa na kuanza upya.

"Uzi ukikataa tundu la sindano, unaulazimisha? Hapa ni vilevile. Ikishakaa, spana nusu mzunguko tu, unaacha."

Adabu hiyo aliilipia. Mwezi wa tano wa kazi, dereva wa teksi aliingia injini ikiwa ya moto, abiria wake akisubiri nje.

"Fanya haraka, mama, mkate wangu uko njiani!"

Mama alishika spana. Nyuma yake kiti kiligongwa mara mbili. Kikagongwa tena.

"Niliisikia," anasema, na mikono yake inasimama kwa mara ya kwanza asubuhi hii. "Nikajifanya sikuisikia. Nilitaka yule dereva aone kwamba na mimi ni fundi."

Plagi ilitoka na hesi zote, ile michirizi inayoishika kwenye injini. Alumini ikiwa ya moto ni laini, na ilikuwa imeng'ang'ania. Gari lilikaa siku tisa, mpaka fundi wa mashine alipotengeneza hesi mpya. Mama aliuza cherehani moja kati ya mbili ili kulipia kazi ile na siku za dereva zilizopotea.

Kwa siku mbili mumewe hakumtazama usoni. Siku ya tatu, wakiwa mezani, alimshika mkono, akahangaika na midomo yake kwa muda mrefu, jasho likimtoka. Mkewe alidhani anakabwa na chakula.

"I... po... e," alisema.

Lilikuwa neno lake la kwanza la kueleweka tangu augue.

"Nilikuwa nimesubiri karibu mwaka mzima nisikie jina langu," anasema mkewe. "Kumbe la kwanza ni injini! Nililia, nikacheka, chakula kikapoa pia."

Tangu siku hiyo, anayetaka kubadilishiwa plagi huacha gari jioni, au hurudi baada ya saa kadhaa. Baadhi wamekasirika na kwenda kwingine. Waliobaki wanaleta magari kumi na mawili kwa wiki.

Gari jeupe linawaka mara moja. Mlio umetulia. Mumewe anafumba macho kusikiliza, kisha anasema, taratibu lakini wazi, "Sawa." Siku hizi ana maneno kama arobaini, na vidole vya kulia vimeanza kushika kikombe. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ana matumaini kwamba kabla ya mwaka kwisha ataweza kushika hata spana ndogo.

Mkewe anapangusa mikono kwa kitambaa. Ameshaagiza meza ya pili ya kazi, fupi, ya mtu anayefanya kazi akiwa amekaa.

"Akipona kabisa tutagombana," anasema, akimtazama mumewe. "Breki nampa, gia nampa. Plagi simrudishii."