Wazee Tisa Mlangoni mwa Maktaba

Makerita alikuwa mkutubi wa shule ya sekondari kisiwani Savai'i, Samoa, kwa miaka kumi na tisa, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Siku fundi Iosua alipoingia maktabani na futi yake ya kupimia, akaanza kupima kuta bila hata hodi, Makerita alikimbia.

"We Iosua! Unapima nini humu?"

"Usinigombeze mimi, mama, nimetumwa. Kamati inataka kukigawa hiki chumba, kiwe ofisi mbili. Vitabu vinaingia kwenye maboksi."

"Nani kasema?"

"Leavasa."

Basi, hapo maneno yakaisha. Leavasa ndiye mwenyekiti wa kamati ya shule, na ana cheo kikubwa cha ukoo. Akisema mvua inanyesha, watu hutafuta miavuli kwanza ndipo watazame juu. Sababu yake aliitoa mwenyewe nje ya kanisa: shule imehangaika kutengeneza tovuti ya maktaba, na mwezi mzima imefunguliwa mara nne tu. Kama watoto hawavitaki vitabu hata kwenye simu, chumba cha nini? Kamati ingekata shauri siku ya Ijumaa, baada ya wiki tatu.

Mara nne! Na mara tatu kati ya hizo alikuwa ni Makerita mwenyewe, anahakikisha kama kweli inafunguka.

Kesho yake alimwita Tiresa, msichana wa darasa la kumi na moja ambaye husoma chochote kilichoandikwa, hata makopo ya samaki. Akamwambia atafute kitabu kwenye simu yake, bila kusaidiwa. Yeye akasimama nyuma, mdomo kaufunga.

Ukurasa ukaanza kushuka polepole. Kwanza picha ya Leavasa, na cheo chake chote, na salamu zake. Kisha mzee wa pili kwa daraja, na salamu zake. Kisha wa tatu. Wajumbe wote tisa wa kamati walikuwa pale, kila mmoja na picha kubwa kama ya kalenda. Wasamoa ndivyo tulivyo, hatufungui kinywa kabla ya kuwataja wenye vyeo, kila mtu kwa nafasi yake, na aliyetengeneza tovuti ile alikuwa mtu mwenye adabu zake. Makerita naye alikuwa ameipitisha kwa mikono miwili.

Tiresa akasukuma kidole, akasubiri, akasukuma tena. Mwisho akaweka simu mezani.

"Vipi?"

"Nimefika kwa mzee wa sita, mama, bando limekata."

"Na vitabu je?"

"Labda viko nyuma ya mzee wa tisa. Mimi sijawahi kumfikia. Darasani kwetu hakuna aliyewahi kumfikia."

Makerita alicheka mpaka akashika meza. Halafu kicheko kikamgeukia kikawa hasira, maana watoto walikuwa wanavitaka vitabu vyake muda wote huo, na yeye amekaa ndani anawalaumu. Akamwekea Tiresa bando la kwake, wakafika chini kabisa, kwenye kihesabu cha wageni, ambacho kumbe kilihesabu tu waliofika hapo. Hapo tovuti ikauliza: jina la ukoo la mwandishi?

"Mama, nani anajua jina la ukoo la mwandishi?" Tiresa akauliza. "Mimi nataka kile cha papa."

Hilo lilimchoma zaidi, kwa sababu kosa hilo lilikuwa lake. Yeye ndiye aliyeshikilia kwamba vitabu vitafutwe kikutubi, kama alivyofundishwa chuoni. Na huku droo yake ina madaftari matatu, ambamo kwa miaka kumi na tisa ameandika maswali ya watoto kwa maneno yao wenyewe! Kile cha papa chenye jalada la buluu. Kwa nini babu anasahau. Hadithi ya mapenzi ambayo mama akiikuta hatagomba.

Akaketi kwenye kompyuta ya shule kuunda tovuti mpya. Jamani, hakuwa fundi wa mambo hayo. Mara mbili alifuta kazi yote kwa kidole kimoja, akaitukana ile mashine matusi ambayo kwaya ya kanisa haijui kama anayajua. Mara ya tatu ikakubali. Maswali ya madaftarini yakawa ndiyo njia za kuingilia. Kila kitabu kikasema kilipo: kipo, rafu ya pili, chini ya dirisha, au kimeazimwa, kinarudi Jumatatu. Ukurasa wa mbele hakuuwekea picha hata moja. Akaujaribu kwa simu yake yenye kioo kilichopasuka, nyuma ya jiko, mahali ambapo mtandao huwa wa kubahatisha, nao ukafunguka kabla hajameza tonge la magimbi.

Wakabaki wale tisa. Kuwafuta kungekuwa tusi, na kijijini kwetu watu wametozwa faini ya nguruwe kwa makosa madogo kuliko hilo. Jawabu alilipata Jumamosi, alipokuwa akifagia nyumba ya mikutano, ile ya nguzo tupu isiyo na kuta, pamoja na kina mama wenzake, anazunguka nguzo moja baada ya nyingine. Kila mzee ana nguzo yake ya kuegemea kwa cheo chake: hii ya Leavasa, hii ya mchungaji, mjumbe mwenzake. Alisimama na ufagio mkononi, akacheka peke yake.

Ijumaa wazee walikaa katika nyumba ile ile, kila mmoja ameegemea nguzo yake, miguu wameikunja. Makerita alikaa nyuma kabisa. Leavasa hakungoja.

"Makerita, nasikia umetufuta. Umetufukuza kama kuku walioingia jikoni."

Wazee wakaguna. Makerita akatoa simu yake.

"Leavasa, mheshimiwa, naomba kuuliza. Nyumba hii ina mlango?"

"Haina. Umeshakuwa mgeni?"

"Basi nani aliyewasimamisha mlangoni? Watu wenye vyeo vyenu, mnasimamishwa mlangoni mwa maktaba kama walinzi, watoto wanashindwa kupita! Mimi nimeona aibu. Nimewarudisha kwenye nguzo zenu."

Akawaonyesha. Pembeni mwa ukurasa kulikuwa na nguzo tisa, kila nguzo na jina la mzee wake kwa cheo chake, na kila mzee amekabidhiwa rafu. Leavasa alipewa bahari.

"Maneno matamu hayo," Leavasa akasema. "Mimi nataka kitabu cha mitumbwi ya zamani. Wewe tafuta kwa yako mpya, mimi kwa ile ya zamani, maana bado hujaizima."

Simu mbili zikawekwa juu ya mkeka. Kwenye ya Leavasa likashuka paji la uso wake, likagoma hapo hapo, hata macho hayajafika. Kwenye ya Makerita pakaandikwa: kipo, rafu ya nne, mkono wa kulia.

Iosua, aliyekuwa akingoja nje na futi yake, akatumwa mbio. Akarudi anahema, kitabu mkononi. "Kilikuwa pale pale!"

Leavasa akafungua. Akageuza ukurasa, akageuza mwingine, akasahau watu.

"Mheshimiwa," mchungaji akamwita, "tukate shauri la kuhamisha maktaba?"

"Maktaba ihame iende wapi? Nani kasema?"

Wazee walicheka mpaka nguzo zikatikisika, na Makerita akalia mbele yao bila kujificha.

Kufikia mwisho wa muhula tovuti ilikuwa inafunguliwa mara nyingi kwa siku moja kuliko zamani kwa mwaka. Kitabu cha mitumbwi kilichelewa siku kumi na tano, na Makerita akampelekea Leavasa ujumbe ule ule anaowapelekea watoto: kitabu chako kimechelewa, wenzako wanakingoja. Mzee akaja mwenyewe, akakiweka mezani kwa kishindo.

"Nguzo yangu ina vitabu vinne. Ya mchungaji ina thelathini. Ndiyo heshima hiyo?"

Nyuma yake alikuwa Iosua, ameshatoa futi, anapima ukuta wa rafu mpya. Safari hii Makerita hakukimbia. Alikwenda akamshikia ncha ya pili.