Fundi Kesho

Kaka yangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Kesho. Ukimpelekea sketi, njoo kesho. Ukija kesho, kifungo bado. Kesho kutwa, pindo. Watu wanasema mafundi ndivyo walivyo. Mimi nilikuwa namtetea, maana damu nzito kuliko maji, ila kusema kweli alikuwa ananitia aibu.

Aliyezidi kulalamika ni mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori. Kila asubuhi anaketi kwenye benchi la dukani na kugomba kuhusu suruali yake mpaka jua la utosi.

"Fundi, nitazikwa na taulo."

"Usife kwanza, bado pindo. Mgongo je?"

"Mgongo utakuwaje, na benchi lako hili?"

Basi siku moja kaka akapanda kwenye stuli kubadilisha taa, akaanguka, akateguka mguu. Nikaenda kumfungulia duka. Nikavuta pazia la nyuma kutafuta ufagio, na lahaula, nguo zote za watu zinaning'inia pale. Zimeshonwa, zimepigwa pasi, kila moja na kikaratasi cha jina. Suruali ya Dereva imenyooka hadi unaona haya kuigusa.

Hasira zikanipanda. Na pale kona keshafungua fundi mwingine, anatoa nguo siku hiyohiyo, wateja wanahamia kwake, na huyu wa kwangu kazifungia! Nikajitwisha bunda lote, nikagonga mlango kwa mlango, kuanzia kwa Dereva. Jioni nikaenda kwa kaka kifua mbele.

"Nimekusafishia jina. Nimezigawa."

"Zote?"

"Zote. Kwa nini ulizificha?"

Akaangalia mguu wake uliofungwa bandeji. "Mtu akishachukua nguo yake, mdogo wangu, atarudi kwangu kufanya nini? Wifi yako ndiyo hivyo, hayupo. Wanangu wameolewa mbali. Pale dukani angalau nagombezwa."

"Si ungesema tu?"

"Ningesemaje? Jamani, njooni mkae na mimi?"

Nikamsogezea mto chini ya mguu.

Alirudi kazini anachechemea. Asubuhi hiyo hakuja mtu. Kesho yake vilevile. Aliipaka cherehani mafuta, akaifuta, akaipaka tena. Mimi nimekaa mlangoni najifanya nachambua vifungo, roho inaniuma, natamani nikawanyang'anye watu nguo zao.

Siku iliyofuata Dereva akatokea, kavaa suruali yake. Akasimama mlangoni kimya, yeye ambaye sauti yake humtangulia.

"Ina kasoro?" kaka akauliza, na nikasikia jinsi alivyoomba Mungu iwe nayo.

"Haina. Imenikaa sawasawa." Akajikuna kidevu. "Ndiyo shida yenyewe. Tangu dada yako aniletee, sijagombana na mtu. Nimejaribu nyumbani. Nikisema neno, hakuna hata wa kunijibu."

Kaka akaacha cherehani, akachechemea mpaka benchini, akaketi kando yake.

"Anza," akamwambia. "Mimi nitakujibu."