Sakafu ya Kilabu cha Mama

Baba yangu alikuwa fundi mwashi na mzee wa kanisa. Mama alikuwa na kilabu cha ulanzi, pombe ya mianzi, mtaani kwetu Kihesa. Baba alikuwa hakanyagi kilabuni, ingawa sare zetu za shule zilitokana na ulanzi huo na alijua vizuri.

Ulanzi ukilala unachachuka. Wanywaji wa mama walikuwa na desturi ya kumwaga machicha sakafuni kabla ya kujaziwa tena, na ule uchachu ukaila saruji mpaka kokoto zikachomoza. Bwana afya alipokuja alijikwaa mlangoni.

"Mama, msimu wa ulanzi ukianza nikaikuta sakafu hivi, nafunga."

Mama, aliyekuwa hana pengine pa kushika, akamwomba baba. Baba alinuna siku nzima. Saruji miaka ile ilikuwa ya kibali, na mifuko yake michache alikuwa ameiahidi kanisani.

"Saruji tupu ni ya nyumba ya Mungu, mama watoto," alisema. "Walevi watapata ya majivu."

Akaleta kutoka Chimala magunia ya majivu ya pumba za mpunga, zilizochomwa nyuma ya mashine ya kukoboa. Akayachekecha, akayachanganya na saruji kidogo, akaingia kilabuni kwa mara ya kwanza, akaisawazisha sakafu kwa pima maji, ikiteremka kidogo kuelekea kona yenye benchi refu la wanywaji. Sijawahi kuona dharau ikifanyiwa kazi kwa uangalifu namna ile.

Msimu ukaja, machicha yakamwagwa kama kawaida, sakafu haikubanduka hata punje. Bwana afya alikagua, akanywa, akaenda zake. Siku hizi wahandisi wanasema majivu hayo huisaidia zege kustahimili asidi. Baba yeye alikusudia kutukana tu, na alipoona sakafu ya walevi inadumu alikasirika kweli kweli.

Kisha mchungaji akaja nyumbani. Sakafu ya banda la nguruwe wake ilikuwa imeliwa na mkojo na makapi yaliyochacha.

"Nataka ngumu, ya kijivu," alisema, "inayoteremka kidogo kuelekea ile kona yenye benchi refu."

"Mchungaji, hiyo umeiona wapi?"

"Waumini husimulia."

"Na benchi?"

Mchungaji akainamia chai yake. Jikoni mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba alijikaza, akashindwa, akacheka naye. Nilifurahi mno, maana tangu kilabu kifunguliwe sikuwa nimewasikia wakicheka pamoja.