Buli la Ami Masoud

Haya, nyamazeni basi niseme mwenyewe, maana Kikwajuni nzima mkasa huu kila mtu anauhadithia anavyotaka yeye, wengine wanasema niliunguza hoteli, wengine wanasema nilimlewesha mkwe wangu, na yote mawili ni uongo (hoteli haikuungua, na mkwe wangu, wallahi, hakuonja hata tone). Lakini aibu niliipata, hilo sikatai. Nikiikumbuka hata leo, na kichwa kishaanza kuota mvi, masikio yanapata moto.

Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi, wakati ule Wajerumani wamekuja kujenga majumba ya ghorofa hapa kwetu. Mimi kijana, nimepata kazi katika hoteli moja ya serikali kule Mjini, upande wa pwani, na siku ya kwanza nilipokwenda kuripoti, natarajia watanipa kazi ya jikoni au ya kutandika vitanda, nikaambiwa, wewe nenda baa. Mimi, niliyelelewa chuoni kwenye Kurani, ambaye pombe sijaionja hata kwa kukosea. Nilitaka kukataa, nikafikiria hali ya nyumbani, nikavaa koti jeupe.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bwana Pinto, Mgoa mmoja mzee, mfupi, mkubwa wa baa, na sheria zake alinikaririsha mpaka nikawa nazisema usingizini. Kinywaji kikali kinapimwa kwa kipimo, mbele ya macho ya mteja. Hakitiwi katika chombo kisichokuwa chake. Mtu akishakolea haongezwi, anapelekewa maji na kitu cha kula, na akilewa haachiwi kwenda zake peke yake, anapelekwa mpaka mlangoni kwao. "Ukimlewesha wewe akaanguka njiani," akisema Bwana Pinto, "basi umemwangusha wewe." Nami nikiitikia naam, naam, kama nilivyokuwa nikiitikia kwa maalim, na kama yale ya kwa maalim, nikayahifadhi yote na sikuyazingatia hata moja.

Sasa Ami Masoud. Hakuwa ami yangu wa damu, alikuwa rafiki wa marehemu baba yangu, karani, mtu mzima wa heshima zake, kanzu daima imepigwa pasi na koti juu yake, ukimuona tu unamtolea shikamoo hata kama humjui. Siku moja akaja hotelini, akakaa barazani (baraza ya hoteli ile inatazama njia, kila apitaye anakuona), akaniita kwa kidole, akaninong'oneza, "Mwanangu, kifua kinanibana. Nitilie brandi kidogo. Lakini si katika gilasi, nitilie katika buli la chai."

"Ami, Bwana Pinto hataki."

"Bwana Pinto ndiye mwenye kifua?"

Nikaona, ah, mtu mzima, rafiki wa baba, na buli ni buli tu. Hapo ndipo nilipoharibu, hapo hapo, mengine yote yalikuja yenyewe. Brandi, kwa asiyejua (na hapa najua nyote mtajifanya hamjui), rangi yake ni ile ile ya chai isiyotiwa maziwa. Nikaitia katika buli la kaure, nikaweka kikombe na kisahani, bakuli la sukari, na kashata pembeni, nikampelekea. Na Ami Masoud alivyokuwa fundi, kila akitaka kunywa anakipuliza kwanza kile kikombe, ati kisimuunguze. Watu wanapita njiani wanamsalimu, naye anawanyanyulia kikombe, karibuni chai, na wao wanasema ahsante Bwana Masoud, tumeshakunywa.

Basi ikawa ndiyo desturi. Na ubaya wa buli ni kuwa halina kipimo. Gilasi ukiitazama unajua mtu kanywa nini na kabakisha nini, lakini buli lina kifuniko, mnywaji hajui, mtiaji hajui, kila mtu anakisia, na mimi nilikuwa nakisia kwa ukarimu.

Huku nyuma nilikuwa nshampenda Zuwena, binti wa Mzee Vuai, seremala wa huku huku kwetu Ng'ambo, mtu wa msikitini, maneno machache, na ndevu nyeupe ndefu ambazo alikuwa anazichana kila baada ya sala. Posa kwetu haipeleki mwenyewe, inapelekwa na mtu mzima, na mtu mzima niliyekuwa naye mimi ni nani? Ami Masoud huyo huyo. Akenda, akasema vizuri sana, nasikia alisema mpaka wenyewe wakafurahi, na alipoulizwa kijana anafanya kazi gani akajibu, "Yuko hoteli ya serikali, upande wa chai." Mzee Vuai akasema vyema, tutauliza uliza, kisha jibu litakuja.

Sasa mnaona nilivyobanwa. Nikimnyima Ami Masoud buli lake, nani atanisemea kwa kina Zuwena? Nikimtilia, sheria za Bwana Pinto zinakwenda wapi? Nikamchagua Zuwena. Nikawa namtilia, tena nalijaza.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, baada ya alasiri, joto kali, upepo hakuna kabisa. Bwana Pinto yuko nyuma ghalani anapokea kreti za soda. Ami Masoud kaja mapema, buli la kwanza lishakwisha, na mimi namuona kwa mbali kuwa mambo si mambo, maana anakoroga sukari katika kisahani, na kikombe anakipuliza kisha anakiweka chini bila ya kunywa, anakisahau, anapuliza tena. Akaniita, anataka buli jengine. Nikamwambia, "Ami, ngoja nikuletee maji kwanza na kipande cha mkate."

"Maji?" Sauti ikapanda, watu wa meza ya pili wakageuka. "Mimi nimekaa hapa nafikiria mambo yako wewe na Zuwena, wewe waniletea maji?"

Jina la mtoto wa watu limeshatajwa barazani. Nikakimbia ndani, nikajaza buli mpaka juu, sikupima chochote, nikamuwekea mbele yake ili anyamaze. Nimenyanyua uso, nani anapanda ngazi? Mzee Vuai, kanzu nyeupe, kofia ya kiua, bakora mkononi.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Nimekuja kuiona hiyo kazi yako."

Nikawa natafuta meza ya mbali, ile ya mwisho kabisa karibu na nguzo, nimkalishe huko, lakini kabla sijafungua mdomo Ami Masoud kashamuona, kainua mikono miwili, "Mzee Vuai, karibu. Karibu chai, buli ndiyo kwanza linaletwa." Na nyinyi mnajua, mtu mzima akikukaribisha chai mbele za watu huwezi kumpita ukaenda kukaa meza nyengine. Mzee Vuai akakaa. Ami Masoud akamiminia kikombe, nusu kikombeni, nusu kisahanini.

Nikajitia ujasiri. "Mzee, ngoja nikuletee jengine, hili limepoa."

Mzee Vuai akaligusa buli kwa kiganja. "Kweli limepoa. Kwa joto hili ndiyo nzuri." (Msiniulize kwa nini hakusikia harufu. Mtu aliyeshinda na vanishi na spiriti maisha yake yote, pua yake hiyo imeshazoea kila kitu.) Akasema bismillahi, akakinyanyua kikombe, na mimi nakitazama kinavyopanda, kimefika kifuani, kimefika kidevuni, na moyoni nasema, nikinyamaza nimemnywesha haramu baba yake Zuwena, nikisema nimemuumbua mshenga wangu na posa imekufa.

Basi nikajikwaa. Si kwamba nilijikwaa, nilijifanya, nikamwangukia na sinia yangu, kikombe kikaruka, brandi yote ikamwagika juu ya kitambaa cha meza. Nikaanza kuomba radhi, samahani Mzee, samahani sana, ni sakafu hii, na Mzee Vuai anasema si kitu, si kitu, mwanangu, chai tu. Na mimi moyoni nasema alhamdulillahi, nimepona.

Lakini Ami Masoud, wakati sisi tunaombana radhi, alikuwa katia sigara mdomoni na anapiga kibiriti. Kwa mikono ile ile iliyomimina nusu kisahanini. Kijiti kikamtoka kikaanguka juu ya kitambaa, na kitambaa kikashika moto, moto wenyewe wa buluu, mwembamba, unakimbia tu juu ya meza unafuata mkondo wa ile chai.

Aliyekuwa na akili pale ni Mzee Vuai peke yake, fundi, mtu aliyezoea hatari za karakana, akafanya jambo ambalo kila mwenye akili timamu angelifanya akiona moto na pembeni kuna buli limejaa chai baridi. Akakifungua kifuniko, akalimwaga lote juu ya moto.

Siwezi kuwaelezea moto ulivyonyanyuka. Ulifika mpaka usoni kwake. Wajerumani waliokuwa meza ya pili wakainuka na viti vyao. Bwana Pinto akatoka mbio ndani na kitambaa kikubwa cha meza alichokichovya katika ndoo ya barafu, akaufunika moto wote kwa mara moja, ukazimika, ukabaki moshi na harufu, na ndani ya moshi ule kasimama Mzee Vuai, mzima, hakuungua ngozi hata kidogo, lakini ndevu zake za upande wa kushoto hazipo.

Mzee akajipapasa kidevu, akapapasa upande wa kulia, akapapasa upande wa kushoto, akarudi tena upande wa kulia.

"Kijana."

"Naam."

"Chai yenu hii mnaipikia nini?"

Akanijibia Ami Masoud, kasimama kashika meza, kwa ile sauti yake ya kupelekea posa: "Mzee Vuai, mimi ni shahidi wa kijana huyu. Haonji. Muda wote huu ananitilia mimi brandi katika mabuli, yeye mwenyewe hajaonja hata tone. Kijana kama huyu utampata wapi?"

Sijui kama kuna mshenga mwengine katika dunia aliyewahi kumsifu mtu kwa maneno kama yale.

Bwana Pinto akaliinua buli, akalinusa, akanitazama. Hakunigombeza mbele za watu, na ningelifurahi zaidi kama angelinigombeza. "Umemtilia wewe," akasema. "Basi mpeleke kwao wewe. Sasa hivi, na koti lako hilo hilo." Nikamshika Ami Masoud mkono mmoja, ananielemea. Nikasikia mtu anamshika mkono wa pili. Mzee Vuai. "Mtu mzima mwenzangu huyu," akasema, "siwezi kumwacha akaanguka njiani."

Sasa fikirini, jioni ya Jumamosi, watu wote wako nje, sisi watatu tunatoka Mjini tunapita Darajani mpaka Kikwajuni, mimi na koti la baa, katikati Ami Masoud anasalimu kila baraza kwa jina la mwenye nyumba, na huku mzee mwenye nusu ya ndevu. Na Ami Masoud hakuridhika na kusalimu, akawa anatutambulisha. "Huyu ndiye bwana harusi," ananipiga kifuani, "na huyu ndiye mkwe wake." Watu wanatutazama, kisha wanamtazama zaidi yule mkwe. Hapo karibu na kwao Zuwena, Bi Mwanakombo, jirani yao, akashindwa kuvumilia. "Mzee Vuai, kulikoni ndevu?"

"Chai," akajibu Mzee Vuai, na akaendelea na safari.

Tulipomuingiza Ami Masoud kwake, Mzee akanigeukia. "Jibu la posa nilikuwa nalo leo. Sasa sinalo. Ngoja kwanza ndevu ziote." Akenda zake.

Mlishawahi kungoja ndevu za mtu mwengine ziote? Mimi nilikuwa kila Ijumaa nakaa safu ya nyuma yake ili nimuone wakati wa kutoa salamu, akigeuka kushoto natazama, na hazioti, wallahi ndevu za wazee haziendi kabisa. Na kabla hazijatoka hata kama manyoya ya kifaranga, Ami Masoud akarudi barazani, kanzu imepigwa pasi, akaniita kwa kidole.

"Buli, mwanangu."

"Ami, siku hizi buli linatiwa chai. Ukitaka brandi nitakupimia katika gilasi, hapa mbele yako, na ukishatosheka nitakwambia umetosheka."

"Na posa yako, ataisimamia nani?"

"Sijui, Ami," nikamwambia, na kweli nilikuwa sijui, na nilitaka kulia. Akainuka, akenda zake, na salamu yangu siku zile alikuwa haiitikii.

Nikaona sasa sina mshenga, sina jibu, nikafanya jambo lisilofanywa, nikamwendea Mzee Vuai mwenyewe karakanani kwake. Alikuwa anapiga randa mlango, hakusimama.

"Mshenga wako yuko wapi?"

"Kanikasirikia, Mzee. Nimemnyima buli."

Randa ikasita. Akapuliza vumbi la mbao, akajikuna pale pa kushoto palipoanza kuota, na nikaona anazuia kicheko mdomoni. "Basi tafuta mshenga mwengine," akasema. "Lakini asiwe mpenzi wa chai."

Baa ile nilikaa miaka mingi baada ya hapo, na hakuna tone lililotoka mkononi mwangu ila limepimwa, liko katika gilasi yake, na mwenyewe anatazama. Aliyekolea, awe nani, nilimpa maji na mkate, na nikamshika mkono mpaka kwao. Kwa Mzee Vuai alikwenda mjomba wangu, niliyemfuata shamba, ndevu ziliposhafika sawa pande zote mbili. Akakaribishwa ndani, akawekewa mkeka, Zuwena akaingia na sinia ya vikombe vya chai, na mjomba, bila ya mtu yeyote kumfundisha, akasema hapana, mwanangu, mimi maji yatanitosha. Nasikia Mzee Vuai alicheka mpaka akashindwa kuiita fatiha ya kuikubali posa, ikabidi mjomba amngoje.