Mwewe, Mndimu na Macho ya Mama

Mama yangu huwatia vifaranga rangi. Ile zambarau anayochovyea ukili wa mikeka, ikibaki sufuriani, huwachovya nayo mmoja mmoja ili mwewe asiwatambue kuwa ni chakula. Kijijini kwake Gazi si yeye peke yake afanyaye hivyo. Sijui kama mwewe hudanganyika, ila Mama humwona akiwa bado nukta juu ya mikoko, akapiga kelele mpaka jirani akatoka na ufagio. Kwa macho yale, mimi ninayeishi Ukunda sikuwa na wasiwasi naye.

Ijumaa moja nilimkuta amesimama chini ya mndimu aliouacha marehemu baba. Majani yalikuwa meusi kana kwamba yamepakwa masizi, na matawi ya juu yameanza kukauka. Majimoto, wale chungu wekundu wa mitini, walikuwa wakipanda na kushuka, na Mama hakuwagusa akiamini ni askari wa mti. Niligeuza jani. Kwa chini lilijaa vigamba vidogo vya kahawia, havina miguu wala mbawa za kuonekana. Nilikwangua kimoja kwa ukucha. Kumbe ni mdudu! Ananyonya mti, anatoa majimaji matamu ambayo huota ukungu mweusi juu ya majani, na majimoto wanamlinda kwa ajili ya huo utamu.

Nilipandwa na hasira. Mwewe ana adabu zake: hutanguliza kivuli, kuku wakapiga kelele, akanyakua kifaranga kimoja akaenda zake. Huyu amekaa kitako, hana haraka, anaumaliza mti mzima na sisi tumekodolea mbingu macho.

"Mama, majani yamekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

"Na usiniambie?"

Alilifuta jani moja kwa ncha ya leso, polepole. "Nilidhani ni macho yangu yanaingia giza, mwanangu. Nikasema nikikwambia, utanihamishia kwako Ukunda."

Nilijionea haya, kwa sababu kweli ningemhamisha. Miezi yote hiyo alikuwa akiogopa peke yake, na mimi naja, nala wali wake, narudi. Nikachuma jani jeusi kuliko yote nikamsogezea.

"Ni jeusi kweli, Mama. Hata mimi naliona jeusi."

Alilitazama jani, akanitazama mimi, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nikaenda kutafuta ndoo, sabuni na mswaki mkuukuu. Habari ya kumhamishia Ukunda sikuitaja.